Duru ya Mwenyewe

Kiti cha saba katika safu ya nne kilikuwa hakijikunji. Viti vyote vya senema ile ya mtaa wa Ng'ambo vilikuwa vya kujikunja: mtu akikaa vinashuka, akiinuka vinarudi juu vyenyewe kwa mlio mkavu, na watu wakitoka kwa pamoja mlio ule ulikuwa kama mvua ya mwanzo juu ya bati. Hicho cha saba kilibaki chini. Kila mtu keshatoka, taa zimewashwa, nacho kimetulia chini kama kwamba aliyekikalia hana haraka ya kwenda kwao.

Silima bin Hija, mkata tiketi wa mlangoni, alikigundua mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani ya mwaka wa hamsini na sita. Alimpandia Shamsi, mwendesha mashine, kule juu kwenye chumba chake cha joto, akamwambia aje akitazame.

"Springi haina kitu," alisema Shamsi akiwa amepiga magoti na tochi mdomoni. "Nshaifungua, nshaitia mafuta. Nikikisukuma kinapanda. Nikigeuka, kishashuka." Akacheka. "Yakhe, huyu labda mteja wako. Mdai tiketi."

Silima hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kitambaa cha kiti, na kitambaa kilikuwa na joto, joto la mahali alipoinuka mtu sasa hivi. Tena palikuwa na harufu. Haikuwa ya udi wala ya ubani, bali ya ngozi ya ngoma inayopashwa moto. Harufu hiyo aliijua tangu hajajua kusema. Aliijua, na akaamua kutoijua.

Kwani hapo ilipo senema palikuwa uwanja wa ngoma, na uwanja ulikuwa wa baba yake, Mzee Hija, mpigaji wa msondo, ile ngoma ndefu ambayo mpigaji huikalia kama punda. Miaka ya ishirini watu walikuja hapo kwa miguu hata kutoka Bububu. Waliwasha moto wa makumbi ya nazi, wakatundika taa mbili za karabai, wakacheza mpaka alfajiri ikawakuta jasho halijakauka. Halafu ikaja amri ya kuomba ruhusa polisi, na ngoma ikawa na saa ya kumalizika. Halafu ikaja ngoma ya beni na tarumbeta zake, vijana wakavua kanzu wakavaa suruali. Vita vikaja, chakula kikawa cha mgao, uwanja ukalala. Vilipokwisha, gramafoni ziliimba katika mikahawa, na kwenye kumbi watu walijifunza dansi, mwanamume na mwanamke wameshikana viuno. Mzee Hija aliendelea kupiga msondo wake kwa watu ishirini, kisha kumi, kisha wazee watatu waliokuja zaidi kukohoa kuliko kucheza. Alikufa mwaka wa arubaini na tisa. Mwaka wa hamsini na moja senema ikasimama, na Silima akapata kazi mlangoni, koti moja na tochi.

Katika miaka yote hiyo jambo moja uwanjani halikubadilika. Kabla watu hawajaingia kucheza, duru ya kwanza ilipigwa kwa uwanja mtupu. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyepiga makofi, watoto walishikwa mikono. Duru hiyo ilikuwa ya mwenyewe. Hawakumtaja kwa jina jingine. Walitazama vumbi likiinuka pasipo miguu, likatua, ndipo wakaingia.

Mzee Hija kabla ya kufa alimwita mwanawe. "Pakijengwa, pasijengwe," alimwambia, "maadamu watu hukusanyika pale usiku, duru ya kwanza mpe mwenyewe. Debe na vijiti viwili vinatosha."

"Naam, baba," alijibu Silima.

Hakufanya. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nane. Angemwambia nini tajiri mwenye senema? Na kama si kumwambia, angekutwa vipi na koti lake, peke yake katika ukumbi mtupu, anapiga debe?

Siku ya Idi Pili palikuwa na onyesho la wanawake, alasiri, picha ya Kihindi ya kuliza. Mabuibui yalijaa mpaka ngazini. Mwanakheir, binti yake Silima, mwana pekee, miaka kumi na mitatu, alichelewa kwa sababu alikuwa akisaidia kupeleka sahani za biriani kwa majirani. Alipofika na gauni lake jipya hapakuwa na nafasi.

"Baba, nimekosa kiti."

Nafasi ilikuwapo moja. Wanawake walikuwa wamesongamana, wengine wamepakata wenzao, na katikati yao kiti cha saba kitupu. Silima alimuuliza mmoja aliye jirani nacho.

"Pana mtu hapo," alijibu yule mwanamke.

"Nani?"

Mwanamke alitazama kando, akafikiri. "Sijui. Lakini pana mtu."

Taa zilikuwa zinazimwa. Mtoto alikuwa amesimama na machozi yanamlengalenga kwa kukosa sikukuu yake. Silima akawasha tochi, akammulikia njia yeye mwenyewe, mpaka pale. "Kaa hapo, mwanangu."

Saa tatu baadaye ukumbi ulitoka umevimba macho. Akina mama walikuwa wakipenga kamasi na ncha za mitandio, wakicheka kwa aibu ya kulia. Mwanakheir alitoka mkavu.

"Picha ilikuwaje?"

"Nimeiona," alisema.

Nyumbani kwao Kikwajuni, mkewe Mize ndiye aliyeona kwanza. Mtoto aliacha kucheka. Paka aliyemlea tangu hajafumbua macho alikanyagwa na gari la ng'ombe, naye akamvuka kizingitini akaenda kuteka maji. Siku ya tano aliepua sufuria ya uji jikoni kwa mikono mitupu, akaishika, akasimama nayo akingoja kuambiwa aiweke wapi, mpaka Mize alipomnyang'anya kwa kanga na kuona viganja vimebabuka.

"Hukuungua?" Mize alilia.

"Nimeungua," alijibu mtoto kwa upole, akiitazama mikono kama ya mtu mwingine.

Usiku wa siku hiyo Silima aliamshwa na mlio, tu, tu-tu, tu, mlio mdogo wa kisigino juu ya ubao wa kitanda, na akalala akiuhesabu kwa sababu mkono wake ulikuwa tayari unaujua, unatangulia kila pigo kabla halijapigwa, akainuka akaenda chumbani kwa mtoto na taa ya kandili, akamkuta amelala chali, macho wazi, anautazama ukuta mweupe kama watu wanavyotazama picha, visigino vyake vinapiga duru ya kwanza ambayo hajawahi kuisikia maishani mwake, na chumba kizima, shuka, chandarua, nywele zake zilizosukwa za sikukuu, kinanuka ngozi iliyopashwa moto.

Mize alikuwa amesimama nyuma yake. Alinong'ona. "Baba Mwanakheir, usinifiche. Ulimpeleka wapi?"

Akamwambia yote: kiti, usia wa baba, jibu la yule mwanamke. Mize alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ulijua pana mtu," alisema. "Ukamkalisha mwanangu mapajani mwake."

Asubuhi Silima alikwenda Bububu kwa Bi Mwanapili, mganga, mwanamke mkavu mwenye meno matatu, ambaye ujana wake wote aliumaliza katika uwanja wa Mzee Hija.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba. Koti lako liko wapi leo, bwana mkubwa? Nilipita mlangoni pako mwaka juzi ukanimulika tochi ya macho kama mwizi." Alimtazama tena, akaacha mzaha. "Nani?"

"Binti yangu."

Alikuja jioni ile. Alimkalisha mtoto juu ya mkeka, akamfunika shuka jeupe, akachoma ubani, akasoma alivyojua kusoma. Ilichukua muda mrefu. Jirani mmoja aligonga kuazima chumvi akaambiwa hakuna. Kisha chini ya shuka ikatoka sauti, wala haikuwa nene, wala ya kutisha. Ilikuwa sauti ya Mwanakheir, ila imechoka kama ya mtu mzima sana.

"Assalamu alaykum," alisema Bi Mwanapili. "Nani mwenzetu?"

"Mwenyewe."

"Umekuja kufanya nini kwa mtoto?"

"Sikuja mimi. Nimeletewa." Shuka likapanda na kushuka. "Walipowasha moto nilikaa motoni. Walipojenga ukuta nilikaa ukutani. Walipoleta viti nikakaa kitini. Kila usiku wanacheka, wanalia, wanakwenda zao. Mimi hakuna anipigiaye. Nimechukua kicheko cha huyu na kilio chake. Vitanitosha kidogo."

Mize aliuma kanga asilie kwa sauti.

"Ukipewa duru yako, utamrudishia?"

"Nikipigiwa na mwana wa Hija, nitamrudishia huyu chake. Cha mpigaji ni changu, kama zamani."

Bi Mwanapili aliongeza ubani. Kisha alimwambia Silima, bila kumtazama. "Umesikia?"

"Sikufahamu hilo la mwisho."

"Baba yako ulipata kumwona analia?"

Silima alitafuta. Alimkumbuka baba yake kaburini kwa mkewe, mama yake Silima, anasawazisha udongo vizuri, anauliza kama jembe ni la nani lirudishwe. Alimkumbuka siku ya harusi yake yeye Silima, wazee wamemzunguka wanamtania, naye anawatazama mmoja mmoja. Watu walimwita Hija Jabali. Walidhani ni sifa.

"La," alisema.

"Basi ndilo hilo. Nenda ukafikiri."

"Hapana la kufikiri."

"Msondo wa baba yako nnao mimi. Ulinipa mwenyewe, ukasema nikaupasue kuni. Kuku wangu wametagia humo miaka sita. Nitauwamba ngozi ya mbuzi."

Walingoja Alhamisi. Baada ya onyesho la mwisho Shamsi aliwafungulia mlango wa nyuma. Hakutania. "Mimi sijaona kitu," alisema kwa sauti ya chini, "lakini taa nitaiacha." Akapanda juu kwenye mashine yake akajifungia.

Mwanakheir alikwenda mwenyewe mpaka safu ya nne akakaa, viganja vyake vimefungwa vitambaa, mikono juu ya magoti. Mize alibaki mlangoni na Bi Mwanapili amemshika mkono, kama watoto walivyoshikwa zamani. Silima alivua koti, akaupanda msondo mbele ya pazia jeupe, akapiga.

Alipiga vibaya mwanzo. Halafu mikono ikakumbuka, na kadiri ilivyokumbuka ndivyo alivyotamani isahau, kwa sababu nyuma ya mlio wa msondo alianza kusikia mlio mwingine, wa nyayo juu ya mchanga, na sakafu ile ilikuwa ya saruji, nyayo nzito za mtu mmoja zinazozunguka bila kukosea, zinamkaribia, zinapita mgongoni kwake, zinarudi mbele, na mdomo wake ukajaa vumbi, na moshi wa makumbi ukamwingia machoni, na viti, safu baada ya safu kuanzia nyuma, vikaanza kushuka kimoja kimoja, taratibu, kama watu wanavyokaa wakiwa na adabu, wasafiri wa Bububu na wacheza beni na wazee watatu wa mwisho, mpaka ukumbi mzima ukawa umekaa na hakuna mtu, na zile nyayo zikasimama mbele yake, karibu kiasi cha kuhisi joto lake, na kitu kikamtoka kifuani bila maumivu yoyote, kirahisi, kama uzi unavyotoka kwenye shanga, akaendelea kupiga kwa sababu duru ilikuwa haijaisha. Kisha ikaisha.

Viti vyote vikapanda kwa mara moja.

"Baba!" Mwanakheir alipiga kelele. "Baba, mikono inaniuma! Mama, inaniuma!"

Mize alikimbia akamkumbatia katikati ya viti. Mtoto alikuwa akilia kwa vidonda vyake, na mara akamkumbuka paka wake, akamlilia na paka. Mize alikuwa akilia na kucheka na kumshukuru Mola, vyote kwa pumzi moja. Silima aliwatazama kutoka juu ya msondo. Alijua kwamba hiki ndicho alichokitaka. Alingoja furaha ifike, kama mtu anavyongoja chafya, naye amefumba macho, kichwa amekiinua kidogo. Haikuja.

"Mume wangu, husemi kitu?" Mize alimwambia.

"Alhamdulillahi," alisema Silima, kwa kuwa ndivyo isemwavyo.

Tangu siku hiyo kila jioni, kabla ya kufungua milango, alipiga debe duru moja mbele ya pazia. Tajiri alimkuta mara moja, akamtazama usoni, akaenda zake bila kuuliza. Watazamaji walisema senema ile ina raha kuliko zote za mjini. Hucheka humo mpaka mbavu zikauma.

Mwanakheir aliolewa mwaka wa hamsini na tisa, kwa kijana wa Chukwani. Siku ya kuondoka, vigelegele viko mlangoni, alimshika baba yake shingoni akalia asiweze kumwachia. Silima alirudisha kichwa nyuma kidogo, akautazama mdomo wa bintiye kwa makini, namna ulivyopinda na upande upi, ili na yeye aupinde wake.