Mshika Breki wa Treni ya Mbao

"Shakwe, uko wapi?"

"Nyuma yake. Simpotezi."

Solvej Brorson, Shakwe kwa jina la kazi, alitembea upesi bila kukimbia. Mbele yake Lotar Brenk, mlipuaji wa kukodiwa, alipita kibanda cha soseji, akapita farasi wa mbao wa kuzunguka, begi jeusi kalikumbatia kifuani. Bustani ya michezo ilijaa familia. Kufyatua risasi hapa? Thubutu!

"Ana rimoti," Kituo cha ujasusi kilimwambia sikioni. "Bomu limo ndani ya feri ya saa tisa. Vijana wetu wamo humo wanalitafuta. Rimoti haifanyi kazi mpaka ielekezwe baharini bila kizuizi. Pwani nzima na minara yote tumeweka askari."

"Minara yote?"

"Yote."

Solvej akatazama juu ya miti.

Walisahau treni ya milima, ile ya mchezo wa kupanda na kuporomoka.

Treni ile kuukuu ilipita juu ya milima ya kujengwa kwa mbao, na kilele cha pili kilitokeza juu ya msitu. Kutoka pale uliuona mlangobahari wa Øresund wote. Treni hiyo aliijua vizuri. Alipokuwa mwanafunzi alishika breki zake kila kiangazi, na baba yake alikuja kila Jumapili kukaa kiti cha mbele, akipiga mayowe kuwashinda watoto.

Huyo baba, Nahodha Gudmund Brorson, ndiye aliyeshika usukani wa feri ya saa tisa. Ilikuwa safari yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Solvej aliahidi kuwemo. Bendera ndogo ya karatasi, nyekundu yenye msalaba mweupe, bado ilikuwa mfukoni mwake.

Brenk alishaketi kiti cha mbele cha treni.

"Villads, nipe kofia yako."

Mzee mshika breki akamkodolea macho. "Solvej? Si uko maktaba siku hizi? Mbona umekonda hivyo, binti?"

"Kofia, mzee wangu. Usiulize."

"Haya. Ila ukinivunjia treni yangu, tutakosana."

Akakaa katikati ya treni, kwenye mpini wa breki. Brenk aligeuka, akaona mwanamke mwenye kofia ya kazi, akatazama mbele tena. Kwao treni za namna hii hujiendesha zenyewe. Alidhani huyu ni wa kukagua mikanda tu.

Hapa breki ni mtu.

Wakapanda mlima wa kwanza, mbao zikilia. Wakaporomoka. Mayowe! Handaki likawameza, giza totoro.

Solvej akavuta mpini kwa mwili wote.

Treni ikasimama. Akapiga kengele, ili treni ya nyuma nayo isimame.

"We dada, umesinzia?" jamaa mmoja akadakia. Watu wakacheka.

"Breki zimechoka, jamani. Vumilieni kidogo."

Brenk hakucheka. Taa nyekundu iliwaka kwenye rimoti kiganjani mwake: hakuna mawimbi. Akaelewa kwamba amenaswa makusudi. Akajichomoa kitini, akarukia ubao mwembamba wa mafundi kando ya reli, akakimbilia kwenye mwanga. Huko nje kulikuwa na ngazi za kupandia kileleni.

Solvej akagusa bastola yake ya Walther kiunoni. Giza. Watu tele. Hapana. Na akimfuata kwa miguu, hawa abiria nani atawashikia breki?

"Mikono ndani! Wote!"

Akaachia.

Treni ikateremka. Ikamfikia Brenk kwenye mdomo wa handaki, mguu wake ukigusa ngazi. Mkono wa kushoto wa Solvej ulibaki kwenye mpini, wa kulia ukamnyakua kifundo cha mkono. Bega likalia ka! Maumivu yakampanda mpaka kichwani. Rimoti ikaponyoka, ikaanguka relini, na mabehewa ya nyuma yakaisaga. Brenk akadondokea vichakani.

"Kituo. Rimoti imekwisha. Mtu wenu yuko kwenye miiba, anatukana."

"Safi, Shakwe. Bomu nalo tumelipata. Abiria na nahodha hawajui kitu, wala hawatajua."

Mnyororo ukaivuta treni hadi kilele cha pili. Akaiona feri, nyeupe, ndogo, mbali kabisa. Roho ikamuuma. Akatoa bendera kwa mkono ulioumia, akaipeperusha hadi treni ilipoporomoka.

Simu ilimkuta baadaye, feri ikiwa imeshatia nanga, akimrudishia Villads kofia.

"Nilikuwekea nafasi kando yangu," baba yake alisema.

"Kazi ilinibana, Baba."

"Vitabu? Vitabu ndivyo vilivyokubana siku kama ya leo?"

"Nisamehe. Safari ilikuwaje?"

"Shwari. Haijapata kutokea safari iliyotulia hivyo. Nilipofika usawa wa ile treni yako nikachukua darubini, kama kawaida yangu. Kumbe mshika breki mmoja ananipungia bendera! Hata sura sikumwona, kofia tupu. Mtu baki, Solvej. Mtu baki kanipungia, wewe hukuja."

Solvej akafumba macho. Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Afadhali alikuwepo mtu, Baba."

"Afadhali," mzee akasema, akakata simu.

Akaikunja bendera, akairudisha mfukoni, akatoka langoni taratibu, akiwapisha watu waliokuwa wakiingia na watoto wao.