Fundi Saa Aliyekaa Mwisho wa Benchi

Korido ya hospitali ilijaa watu kama siafu, na katikati yao mwanamume mmoja alikuwa akizunguka nguzo. Tumboni alikuwa na bilauri tatu za maji, kichwani amri moja: asiende haja ndogo mpaka mashine imalize kazi yake. Alipogeuka kwa kasi, akajigonga kwenye kitoroli cha mashuka.

"Polepole, bwana! Choo kiko kule," alisema mwanamke aliyekuwa akikisukuma.

"Sikitaki."

"Mbona miguu yako inakitaka?"

"Nakitaka, lakini sikitaki!"

Mwanamke akaangua kicheko. Alivaa gauni la buluu lililopigwa pasi likanyooka kama karatasi mpya, na kilemba cha manjano alichokifunga kwa madaha. Alikuwa dobi, mjane, na mashuka yote ya hospitali ile yalipita mikononi mwake. Mwanamume alikuwa fundi saa wa miaka sitini na miwili. Tangu mkewe afariki, miaka sita sasa, hakuwahi kumchekesha mwanamke namna ile.

"Unamngoja nani hapa?" Dobi aliuliza.

"Mpwa wangu. Anatibiwa mguu," akadanganya. Angeanzaje kumwambia mgeni mzuri kama yule kwamba ana saratani ya tezi dume?

Kabla hawajaachana walipeana namba za simu. Jioni ya siku ya tatu simu ililia kwenye kibanda chake cha kutengenezea saa.

"Fundi, saa yangu imesimama."

"Pole, mama. Ni ya aina gani?"

"Sina saa. Nilitaka kukusikia tu."

Koleo likamponyoka Fundi, na skrubu zikatawanyika sakafuni. Akazitafuta kwa magoti huku akicheka peke yake kama mwehu.

Mapenzi yakashika kasi. Kila siku ya kazi, asubuhi, Fundi aliingia kwenye mionzi; kila jioni alikwenda kukaa na Dobi kwenye benchi nje ya duka lake la kufulia. Ndani ya chumba cha mionzi hakukuwa na maumivu. Alilala chali, wataalamu wakazioanisha nukta tatu za wino walizomchora kiunoni na mistari ya mwanga, kisha wakatoka wote na kufunga mlango mnene. Mashine ikamzunguka ikinguruma, bila kumgusa, kama mshale unavyouzunguka uso wa saa. Dakika kumi na tano hivi, basi. Angefanya hivyo wiki nane.

Kilichomtesa ni ule mlango. Mbona wote hukimbia? Akaanza kuwaza kifundi. Zipo saa ambazo nyuso zake hunywa mwanga mchana, ukizima taa zinang'aa zenyewe. Alizifungua nyingi maishani. Je, mwili unaokunywa mionzi kila asubuhi hautaitoa jioni? Alitaka kuuliza, akaona haya, watamwona mjinga.

Jioni moja Dobi alikuja benchini na mjukuu wake wa miezi sita.

"Mshike babu yako," akasema, akimnyooshea mtoto.

Fundi akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akahamia mwisho wa benchi. "Hapana! Mweke mbali!"

Dobi akaitazama mikono yake, iliyochunwa na sabuni na dawa ya kung'arishia nguo. Aliinusa kwa siri. Tangu juzi alimwona mwanamume huyu akisogea, leo shubiri moja, kesho mbili.

"Kumbe ninanuka jiki," alisema taratibu. "Ungesema tu, Fundi. Usiku mwema."

"Siyo hivyo, mpenzi, ngoja..."

Mlango wa duka ukafungwa.

Alipiga simu mara saba, haikupokelewa. Wiki ya nne ikaingia na uchovu wake: mchana aliinamia saa za watu akisinzia, na mkojo ukamwita kila baada ya nusu saa, ukiunguza. Aliambiwa mapema kwamba hayo huja, na kwamba mengi hutulia wiki chache baada ya tiba kwisha. Lakini nani alimwambia kuhusu simu isiyopokelewa? Alikaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi.

Asubuhi moja ya wiki hiyo stoo ya hospitali ilikuwa imefungwa, na Dobi akaelekezwa kupeleka magauni ya wagonjwa moja kwa moja kitengo cha mionzi. Akasukuma mlango. Benchini aliketi Fundi, miguu wazi, ndani ya gauni alilolipiga pasi yeye mwenyewe.

"Mpwa wako mguu umepona?" aliuliza.

"Sina mpwa. Ni mimi. Ni tezi dume."

"Wiki zote hizi?"

"Niliogopa utakimbia. Halafu nikaogopa nitakudhuru wewe na mtoto. Mionzi imo mwilini mwangu, inang'aa kama zile saa..."

"Kwa hiyo si jiki?"

"Jiki gani, mama wewe? Ile harufu naiota!"

Mtaalamu wa mashine, binti wa umri wa kuweza kuwa mwanawe, alikuwa mlangoni akijiziba mdomo. "Baba, jamani! Mionzi hii inatoka kwenye mashine, inapita, inakwisha. Tukizima, imezimika. Mkumbatie mtoto, mkumbatie mama, hakuna atakayedhurika. Sisi tunatoka kwa sababu tuko hapa kila siku, mwaka mzima."

Fundi akashusha pumzi. Lakini lilikuwepo jingine, na hilo hakuna mtaalamu wa kumsaidia kulisema.

"Huenda mbele ya safari uanaume wangu ukalegea," alinong'ona. "Daktari amesema huja kidogo kidogo, pengine baada ya mwaka. Dawa zipo, ila hakuahidi. Bora ujue sasa."

Dobi akakunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nimekaa mjane miaka tisa," akasema. "Hicho nacho nilikikosa, sikudanganyi. Lakini nilichokikosa zaidi ni mtu wa kumpigia simu kuhusu saa nisiyokuwa nayo. Kwa daktari tutakwenda wawili. Nitauliza mimi, wewe una haya za bure."

"Baba, zamu yako," binti aliita. "Na huyu ni nani wako?"

"Mchumba wangu."

"Mwongo! Hajaniuliza," alisema Dobi.

"Nakuuliza."

"Ingia ndani kwanza. Mashine haingoji."

Akaingia. Akalala. Mistari ya mwanga ikakaa kwenye nukta zake, mlango mnene ukafungwa. Akayatazama madoa ya dari. Kabla mashine haijaanza kunguruma, kipaza sauti kikakwaruza.

"Baba, mama anasema ndiyo. Tafadhali usitikisike!"

Fundi Saa akalala tuli, machozi yakimtiririka hadi masikioni, na hakuinua hata kidole kuyafuta.