Kijiji Alichokiuza Evelina

Kila Jumamosi, tukishamaliza kupalilia karoti mimi na mama, nilinawa miguu na kuteremka Lushoto mjini, dukani kwa mjomba wake Evelina. Mjomba Danieli alikuwa akichapa barua za watu kwa kompyuta, katika mojawapo ya maduka ya watu binafsi yaliyokuwa yakifunguliwa miaka ile. Wateja wakipungua mchana, alituachia kompyuta tucheze.

Evelina alikuwa mwenzangu wa dawati, darasa la sita. Mimi si mtu wa marafiki wengi. Nilikuwa naye huyohuyo.

Mchezo wetu wa kwanza ulikuwa na hadithi. Unakuwa kijana anayemtafuta baba yake, na njia ni moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Unafuatana na mshauri mpole, na mwishoni anakusaliti. Tulirudia tena na tena tukijaribu kumzuia, wapi! Waliotengeneza mchezo walikuwa wameshaamua.

"Huu hautuachii tuchague lolote," Evelina alilalamika.

Mjomba akatuwekea mwingine. Huo haukuwa na njia. Unakwenda utakako, ukitaka unalima, ukitaka unafanya biashara au unaiba. Tuliunda mtu wetu mmoja, tukamwita Zaina. Zaina akahamia kijiji kidogo chini ya mlima, tukakichimbia visima na kukizungushia ukuta. Tena tukaahidiana kwamba hakuna atakayemchezesha Zaina bila mwenzake kuwepo.

Jumamosi moja nikafika, nikakuta kijiji kimekuwa majivu. Zaina alikuwa amepanda farasi mpya.

"Umefanya nini?" nikamwuliza Evelina.

"Jana nilipita hapa. Majambazi walitaka niwaonyeshe njia ya kuingia kijijini, wanipe farasi. Nilitaka tu kuona itakuwaje. Kompyuta ikahifadhi, na sasa haiwezekani kurudi nyuma."

"Na ahadi yetu?"

"Mchezo wenyewe unaruhusu, Mwajuma. Mbona unanuna?"

"Yule mshauri alipangiwa asaliti," nikamwambia. "Wewe nani alikupangia?"

Nikaondoka, roho ikiniuma kwelikweli. Sikuwa nikiwalilia watu wa kwenye kioo. Iliniuma kwamba nilipokuwa nang'oa magugu nikiisubiri Jumamosi, rafiki yangu alikuwa ananizunguka. Jumatatu nikahama dawati.

Siku chache baadaye Evelina alikuja shambani. Ilikuwa siku yetu ya zamu ya maji ya mfereji, na mama alikuwa akimwagilia kabichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona siku hizi umetutupa?"

Evelina alieleza yote bila kuficha. Kisha akanigeukia. "Nisamehe, Mwajuma. Tuufute ule mchezo, tuanze upya."

"Unataka kufuta ulichokifanya," nikasema.

Mama akasimika jembe, akanyoosha kidole juu, mfereji unakoanzia. "Evelina, lile lango la maji lina kufuli?"

"Halina, mama."

"Leo zamu yetu, kesho ya baba yako. Usiku mtu yeyote anaweza kulifungua, akamwagilia shamba lake. Kwa nini hafungui?"

Evelina akainamisha kichwa. "Kwa sababu watu wameahidiana."

"Ndiyo hivyo. Penye kufuli kila mtu ni mwaminifu. Mtu utamjua pasipo na kufuli. Sasa msifute kitu. Aliyebomoa na ajenge."

Jumamosi iliyofuata Evelina alimchezesha Zaina, mimi nikatazama tu. Alimuuza yule farasi, akanunua mbao, akaanza kujenga nyumba moja baada ya nyingine. Wanakijiji walionusurika walikataa kumsalimia, na kila alipobisha hodi walifunga milango. Evelina alifuta machozi, akaendelea kubeba mbao.

Jioni mama akaniuliza, "Vipi, wanakijiji wamemfungulia?"

"Bado, mama."

"Na wewe?"

Nikatazama chini. "Na mimi bado."

"Basi asichoke kujenga," mama akasema. "Aliyevunja ahadi hajengi uaminifu kwa neno moja la samahani, anaujenga kwa matendo. Na wewe hakuna anayekuharakisha. Lakini kesho kutwa urudi kwenye dawati lenu, Mwajuma. Ukimkimbia, atabisha hodi wapi?"