Nyumba ya Lampasas

"Na hii nyumba ya pili unamnunulia nani?" Bi Ybarra, afisa wa mikopo ya nyumba, aliuliza, macho kwenye kompyuta.

Verlene Tackett akacheka. Alidhani mama wa watu anamtania.

"Ya pili? Mimi hata ya kwanza sina, Bi Ybarra. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Bi Ybarra hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena na kusoma upya.

"Sajini Tackett, nikwambie ukweli. Nilipoona alama yako ya mikopo, ile inayoonyesha unavyolipa madeni, mia tano thelathini na mbili, sikushtuka. Wanajeshi wa hapa Killeen naletewa wenye mbaya kuliko hiyo. Serikali haijaweka alama ya chini kwa mkopo wa wastaafu wa jeshi, sisi wakopeshaji ndio tunaojiwekea. Ungeniletea risiti za kodi ya nyumba uliyolipa mwaka mzima bila kuchelewa, na barua ya kueleza ulikwama wapi, ningekupigania. Ila haki yako ya mkopo imeshatumika."

"Imetumika na nani?"

"Na wewe. Nyumba ya vyumba vitatu, mjini Lampasas, miaka mitatu iliyopita."

"Miaka mitatu iliyopita nilikuwa Kuwait nafungua injini za malori kwenye mchanga. Lampasas mimi hupita tu nikienda kwingine."

"Aliyesaini ni mwakilishi wako. Royce Dunaway. Unamfahamu?"

Kumfahamu? Huyo ndiye mwanaume aliyelala naye jana, aliyemkanda goti lake bovu kwa mafuta ya moto asubuhi ileile, na ambaye Jumamosi ya wiki ijayo angesimama naye kanisani. Verlene aliitikia kwa kichwa.

Wanaoishi karibu na kambi wanajua mambo haya. Kabla kikosi hakijaondoka, mnapangwa foleni ukumbini, wanasheria wa jeshi wanawagongea mihuri ya hati za uwakilishi, ili mtu wa nyumbani ashughulikie mambo yako ukiwa mbali. Kuna hati finyu, ya gari tu au ya kodi tu. Na kuna hati pana, inayompa mtu mkono wako mzima. Siku ile sajini mkuu alipita akinguruma, "Chukueni finyu, wapumbavu nyie, mapenzi yanaisha karatasi haziishi." Verlene akachukua pana. Alikuwa anapenda, na anayependa haambiliki.

"Kuna lingine," Bi Ybarra alisema taratibu. "Nyumba haijalipiwa miezi sita. Hicho ndicho kinachokuulia alama, siyo deni la gari lako. Inapigwa mnada Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Hii ijayo. Jumanne ya kwanza ya mwezi, kwenye ngazi za mahakama ya kaunti, kama Texas yote. Ikiuzwa pale, haki yako imekwenda nayo, na hutapata nyingine mpaka hasara yote ifidiwe. Leo ni Alhamisi."

Simu ya Verlene ikaita. Jina la Royce. Alipokea.

"Uko wapi, mama?"

"Kwa fundi wa matairi."

"Matairi gani? Si nilibadilisha mwezi uliopita?"

"Moja linavuja."

Verlene alisikia anavyopumua.

"Haya. Kama kuna barua yoyote imekuja, niachie mimi. Unajua karatasi zinavyokuharibia usingizi. Leo nalala Dallas, kuna mnada wa magari. Nakupenda."

Dakika haikupita, ukaingia ujumbe: *Usihangaike na mambo ya nyumba, mpenzi. Tukishaoana nitakununulia. Wewe pumzisha goti.*

Miaka miwili Verlene alikuwa akisoma jumbe za aina hiyo na kujiona mwanamke mwenye bahati kuliko wote pale Killeen. Leo aliifunika simu kifudifudi mezani.

"Nipe anwani," alimwambia Bi Ybarra.

"Usiende peke yako, Sajini."

"Nimekwenda pabaya zaidi."

Nyumba ilikuwa ya matofali mekundu, mbele ina mti mmoja wa njugu za pekani. Nyasi zimekatwa vizuri, pazia za maua, na kwenye kibaraza viatu vya kiume. Verlene alivitazama viatu vile muda mrefu. Alivijua. Yeye ndiye aliyevinunua, zawadi ya Krismasi.

Alibisha mlango. Alifungua mwanamke wa miaka arobaini hivi, amevaa aproni ya jiko la shule, jina limeshonwa kifuani: Maribeth.

Maribeth alimtazama usoni, akarudi nyuma hatua mbili, mkono mdomoni. Uso ukamwisha damu.

"Bwana Yesu," alinong'ona. "Wewe si umekufa?"

"Nani kakwambia nimekufa?"

Maribeth alinyoosha kidole tu. Ukutani, juu ya kochi, palikuwa na picha kubwa ya Verlene akiwa na sare za jeshi, utepe mweusi kwenye kona, na chini yake chombo cha maua yaliyoanza kunyauka.

Verlene alishika fremu ya mlango. Kuona picha yako umevishwa utepe wa msiba, sebuleni kwa mtu usiyemjua, si jambo la kumwombea hata adui yako.

"Kaa, dada," Maribeth alisema. "Kaa kabla hatujaanguka wote wawili."

Alileta chai baridi yenye sukari katika bilauri mbili.

"Alisema ulikufa Kuwait. Lori lilikuangukia. Kwamba nyumba hii ulimwachia, na hawezi kulala humu kila siku kwa sababu ya uchungu. Anakuja Alhamisi na Jumapili."

"Alhamisi huwa Dallas," Verlene alisema. "Jumapili huwa kwa mama yake, mgonjwa."

"Mama yake si alikufa?"

"Kwangu yu hai."

Walitazamana. Kama isingekuwa kilio, kingekuwa kicheko.

"Ni mume wako?" Maribeth aliuliza kwa woga.

"Mchumba. Tunaoana Jumamosi ya wiki ijayo."

"Mimi alinivisha pete mwezi wa tatu." Aliiangalia pete yake kama kitu kilichomng'ata. "Na kila tarehe moja nampa hela ya nyumba, mkononi. Akishapokea ananiandikia ujumbe. Tazama."

Alifungua simu. *Nimepokea ya nyumba, malaika wangu. Naipeleka benki sasa hivi.* Jumbe ishirini na mbili, mwezi baada ya mwezi, maneno yaleyale.

"Haijafika benki miezi sita," Verlene alisema. "Inauzwa Jumanne."

Maribeth aliketi mikono mapajani, machozi yakimshuka bila sauti. Halafu simu iliyokuwa mezani ikaita, na wote wawili wakaruka. Royce. Maribeth aliiweka kwa sauti ya wote kusikia.

"Malaika, niko njiani na nyama choma kutoka kwa yule mzee wa mji wa Copperas. Umeshindaje?"

"Salama."

"Mbona sauti hivyo?"

"Mafua tu."

"Niwekee maji kwenye chombo cha maua. Nimemnunulia Vee mapya. Leo nimemkumbuka sana, maskini."

Verlene alifumba macho. Sauti ilikuwa ileile ya asubuhi, yenye upole uleule, wala haikukwaruza popote. Hilo ndilo lililomwogopesha. Alijiuliza ni maneno mangapi matamu aliyoambiwa yeye yalikuwa ya uongo kama haya.

"Njoo," Maribeth alisema. "Tunakusubiri."

"Tunakusubiri na nani?"

"Mimi na Vee wako wa ukutani."

Royce akacheka kidogo, akakata.

Royce aliingia kwa ufunguo wake, mfuko wa nyama mkono mmoja, maua mkono mwingine. Alimwona Maribeth kwanza, akatabasamu. Kisha akamwona aliyekaa chini ya picha. Aliweka mfuko mezani taratibu sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Vee. Ninaweza kueleza."

"Anza," Verlene alisema. "Muda ninao. Si nimekufa?"

"Nyumba niliinunua kwa ajili yako. Naapa. Ulikuwa mbali, alama yako ilikuwa nzuri, ile hati ilikuwa mkononi mwangu. Niliwaambia benki utahamia ukirudi. Nilitaka ushuke kwenye ndege nikukabidhi ufunguo."

"Mbona hukunikabidhi?"

"Nilianza kukwama. Kamari kidogo, magari hayauziki. Nikatafuta mpangaji tusaidiane kulipa." Alimtupia Maribeth jicho, akalishusha. "Yakawa mengine."

"Mpangaji?" Maribeth alisema. "Royce, unaniita mpangaji?"

"Na kuniua?" Verlene aliuliza. "Kuniua ilikuwa ya nini? Ungesema tumeachana. Watu wanaachana kila siku."

Royce akasema kwa sauti ndogo, bila hata kuona ubaya wa maneno yake:

"Ukisema mmeachana, mtu anaweza kumtafuta huyo mliyeachana amwulize. Aliyekufa hakuna anayempigia simu."

Verlene alijitazama kwa macho ya mtu yule: zile barua alizofunguliwa, zile simu alizojibiwa, wale marafiki wa kikosi aliozuiwa kuwatembelea kwa sababu ya goti. Miaka miwili alikuwa akizikwa polepole, na yeye akiita ni kupendwa.

Royce alipiga magoti.

"Nisikilize, mke wangu. Ukisema hukujua, nafungwa, na nyumba inakwenda. Ukisema ulijua, kwamba nilisaini kwa ridhaa yako, wanaweza kusimamisha mnada. Jumamosi tunaoana, tunahamia hapa. Nyumba yetu, Vee. Uliyoitaka siku zote."

"Toka," Verlene alisema. "Nitafikiri."

Alipoondoka, Verlene alimpigia Bi Ybarra, akamweleza yote.

"Anasema kweli?"

"Mshenzi anasema kweli, ndiyo," Bi Ybarra alijibu. "Njia ni mbili. Ukiripoti kwamba umeibiwa, deni na alama mbaya vitafutwa baada ya muda mrefu, lakini nyumba si yako tena. Ukikubali mkopo kuwa wako, nitampata mtu wa idara ya wastaafu kesho asubuhi, aiombe benki isimamishe mnada na kuyasukuma malimbikizo mwisho wa mkopo. Fidia unayopata kwa goti lako kuumia jeshini inatosha kulipa kila mwezi, nimepiga hesabu. Ila ukishakubali, huwezi tena kumshtaki kwa sahihi ile."

"Nikichagua ya kwanza, nitapata nyumba nyingine lini?"

"Kwa alama hii, na umri wako, na kodi zinavyopanda? Sitaki kukudanganya, Sajini."

Verlene alitazama chumba. Dirisha la jikoni linaangalia mti. Mlangoni hakuna ngazi, goti lake lingepita bila maumivu. Nyumba ambayo leo hakuna benki Texas nzima ingempa, alishapewa na mwizi. Alichukia kwamba aliipenda.

Maribeth alikuwa amesikia yote. "Chagua nyumba, dada," alisema. "Usinihesabu mimi. Mimi nina mdomo wangu."

Ijumaa asubuhi Verlene aliongea na watu wa benki kwa saa mbili. "Ndiyo, nilijua," alisema. "Ndiyo, kwa ridhaa yangu." Kila mara aliposema hivyo alijua anamwachia mtu aliyemuua atembee huru. Jumatatu alikwenda kwa karani wa kaunti, akafuta ile hati pana. Royce alimtumia ujumbe: *Nimesikia umekubali. Nilijua hutanitupa.* Hakujibu.

Jumanne alikwenda mahakamani Lampasas, kujisikilizia kwa masikio yake. Wanunuzi walisimama kwenye ngazi na vikombe vya kahawa. Mwanamume mwenye orodha alisoma anwani moja, ya pili, ya tatu. Ya kwake haikutajwa. Alipogeuka, Royce alikuwa nyuma yake na shati jipya, ananukia manukato ya Jumapili.

"Nimeagiza keki ya harusi," Royce alisema. "Ya pekani."

"Hakuna harusi."

"Vee, umewaambia ulijua. Mwanamke hamsitiri mwanaume asiyempenda."

"Nilikupenda, Royce. Ungeniomba figo ningekupa, na wewe ungeiuza. Nimekubali nyumba. Wewe sikukukubali."

Akatabasamu bado. "Utatulia. Na hakuna mwingine wa kunishtaki."

"Mimi nimesema nilijua," Verlene alijibu. "Maribeth hakujua."

Tabasamu likaganda. Kule juu ya ngazi, Maribeth alikuwa amesimama na naibu wa sherifu, polisi wa kaunti, mwanamume mnene mwenye kofia pana. Mkononi ameshika simu yenye jumbe ishirini na mbili za kupokea hela ya nyumba, sita za mwisho zikiwa za hela ambazo benki haikuziona.

"Bwana Dunaway," naibu aliita bila haraka. "Tuzungumze kidogo hapa ndani."

Royce alimshika Verlene mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Vee, waambie. Wewe wanakuamini."

"Nimemaliza kusema," Verlene alijibu, akautoa mkono wake.

Alikwenda kwenye gari, akafunga mlango, akalia. Hakulia kwa furaha wala kwa kushinda. Alimlilia mwanaume aliyekuwa akimkanda goti, ambaye labda hakuwahi kuwepo. Baada ya muda Maribeth aligonga kioo, macho yake nayo mekundu, kidole cha pete kitupu.

"Dada, mimi nitahama. Nipe wiki mbili tu nitafute pa kwenda."

"Vyumba ni vitatu," Verlene alisema, akijifuta uso. "Mimi nalala kimoja."

Maribeth alisita. "Basi tarehe moja nikulipe wewe?"

"Unilipe mimi," Verlene alisema. "Na nitakuandikia risiti."