Mfereji wa Tatu

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda, Kiroboto alikuwa wa kwanza kufika kwenye banda la vifaa chini ya kilima. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari za shule, na huko ndiko lilikoishia. Watu walimwita Kiroboto kwa sababu hakuweza kutulia mahali pamoja dakika mbili. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mama yake alikuwa ameshakata tamaa ya kumtuliza.

Kilima kile kilikuwa na njia nyembamba ya baiskeli. Ilishuka kwa kujipindapinda katikati ya miti mpaka uwanjani, na njia ya namna hiyo haijitengenezi yenyewe. Basi kila Jumamosi watu wa kujitolea, mafundi, walimu, wenye maduka na wastaafu, walichukua sururu, mabeleshi na reki, wakaenda kuziba mashimo na kupanga mawe. Hawakulipwa hata senti, na bado waligombania sururu nzuri. Mkubwa wao alikuwa mama mstaafu aliyeendesha greda la barabara kwa miaka ishirini na minane. Alijulikana kama Bi Greda, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Bi Greda alikuwa na sheria moja. Kazi haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka imwagiwe ndoo ya maji. Kila palipotengenezwa, ndoo moja ilimwagwa katikati ya njia, na wote walisimama kutazama maji yanaelekea wapi. Yakitoka pembeni na kuingia majanini, kazi imepita. Yakituama, au yakishuka na njia, watu wanashika tena majembe.

"Mimi sikagui kitu," Bi Greda alizoea kusema. "Maji ndiyo wakaguzi, na hayapokei rushwa."

Mbeba ndoo alikuwa Kiroboto. Alikionea fahari cheo hicho, na ole wake mtu mwingine atakayeigusa ile ndoo.

Jumamosi moja kazi ilikuwa ya haraka, maana kesho yake kulikuwa na mashindano. Vijana ishirini wangeshuka mmoja mmoja, kila mtu akipimwa kwa saa, na watatu wa kwanza wangeingia timu ya mkoa. Kaka yake Kiroboto alikuwa mmoja wa vijana hao. Alikuwa na miaka kumi na saba na baiskeli aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri vya baiskeli tatu, na kwa mwaka mzima hakuzungumza habari nyingine nyumbani isipokuwa timu ya mkoa.

Siku hiyo walitengeneza mifereji minane. Kila mmoja uliikata njia kimshazari, na upande wake wa chini ulikuwa na kituta cha udongo ulioshindiliwa, ili maji ya mvua yakifika hapo yageuke yatoke nje. Wa tatu ulikuwa hatua chache juu ya daraja la mbao lililovuka korongo. Kiroboto alimwaga ndoo yake kwenye yote minane, na mara zote minane maji yalitoka nje bila ubishi. Saa sita wakatawanyika.

Nyumbani, mama, ambaye alikuwa mshonaji, alisogeza cherehani pembeni ili wapate nafasi ya kula mezani. Kaka alikuwa amenuna.

"Ule mfereji wa tatu utaniponza," alisema. "Nikiukaribia lazima nishike breki, la sivyo kile kituta kinanirusha. Hapo peke yake napoteza sekunde nzima. Sijui wale wazee wanaweka matuta njiani ili iweje."

"Si umuulize Bi Greda?" mama alisema.

"Nimuulize nini, mama? Atanipa beleshi."

Mama alicheka. Kiroboto hakucheka. Alikuwa akimtazama kaka yake, akiwaza kwamba sekunde moja ni kitu kidogo mno kumnyima mtu ndoto yake. Alimpenda kaka huyu kupita kiasi. Ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, akimkimbilia nyuma na kushika kiti mpaka viganja vikachubuka.

"Mama, nimesahau ndoo kule," alisema baada ya kula. Ndoo ilikuwa imetundikwa bandani kwenye msumari wake. Aliitundika mwenyewe.

Aliufukia mfereji wa tatu peke yake kwa muda wa saa moja. Alikibomoa kituta kwa beleshi, akausukuma udongo wake shimoni, akaukanyaga kwa visigino na kuutawanyia majani makavu juu. Alipomaliza, mahali pale palikuwa sawa kama meza. Alishuka akikimbia mara tatu, mikono mbele kama ameshika usukani, na mara zote tatu hakujikwaa. Ndoo hakuibeba. Hilo lilimsumbua kidogo njiani kurudi, lakini alijiambia kwamba anga halikuwa na wingu na mashindano yalikuwa kesho tu.

Alfajiri mvua ikanyesha.

Haikuwa mvua ya kutania. Ilipiga mabati mpaka mama akalazimika kupaza sauti kuuliza nani anataka chai. Kiroboto alikaa mbele ya kikombe chake bila kukigusa.

"Leo Kiroboto ametulia kama maji ya mtungini," kaka yake alimtania huku akifunga kamba za viatu. "Unaniogopea? Usiniogopee."

Saa tatu mvua ilikatika. Uwanjani, baadhi ya wazazi walitaka mashindano yaahirishwe, lakini Bi Greda alitikisa kichwa. Alisema juu kabisa udongo ni wa changarawe, unakauka upesi. "Na mifereji yote ilipita jana," aliongeza. "Mbeba ndoo wangu yuko hapa, muulizeni."

Watu wakamgeukia Kiroboto. Naye akaitikia kwa kichwa. Hakusema neno, ila kichwa kilisema.

Alipangiwa kukaa darajani pamoja na seremala, fundi mcheshi aliyelijenga daraja lile kwa mikono yake. Seremala alikuwa na redio ya mkononi ya kuzungumza na mwamuzi aliyekuwa juu kileleni. Kiroboto alipewa kibendera chekundu. Bendera ikiinuliwa, mwendeshaji anasimama, liwe liwalo.

Alipofika tu aliona. Maji yaliyopaswa kutoka kwenye mfereji wa tatu yalikuwa yanashuka na njia, mekundu kwa udongo, mpaka kwenye ncha ya daraja. Hapo yalijipenyeza chini ya mawe yaliyobeba mbao. Kila baada ya muda kipande cha udongo kilimeguka, kikadondoka korongoni. Korongo lilikuwa refu kuliko mtu mzima, na chini yake kulikuwa na mawe matupu.

"Maji mengi leo," seremala alisema akiwa upande wa pili, ambako hakuona chochote. "Ila daraja langu hili hata ndovu atavuka, mradi afuate foleni."

Namba moja akapita. Mbao zililia kidogo. Namba mbili akapita, kisha wa tatu, kisha wa nne. Alipopita wa tano, jiwe moja dogo lilichomoka chini ya daraja, na Kiroboto akalisikia likigonga mawe ya chini.

Kaka yake alikuwa namba saba.

Akisema, kila mtu atajua. Bi Greda atajua, na ndoo itapata mbeba mwingine. Kaka atasimamishwa katikati ya mbio alizozisubiri mwaka mzima. Asiposema, huenda daraja likashika. Si limeshawabeba watano? Namba sita akatokea kwenye kona, akavuka, na safari hii ncha ya daraja ilishuka waziwazi, kama kiti chenye mguu mbovu, ikabaki imeshuka.

Kiroboto akapiga moyo konde.

"Fundi, simamisha mashindano."

"Kuna nini tena, Kiroboto?"

"Nimeufukia mfereji wa tatu. Jana mchana, baada ya ndoo. Maji yanakula chini ya daraja lako."

Uso wa seremala ulibadilika. Hakuuliza swali la pili. Akainua redio mdomoni. "Simamisha. Asiondoke mtu, daraja halifai."

Redio ilikoroma, kisha sauti ya mwamuzi ikajibu: "Namba saba ameshaondoka."

Kiroboto hakusubiri kuambiwa. Alipanda mbio kwenye utelezi, akaanguka kwa magoti, akainuka, akapita pale alipoufukia mfereji, akaendelea mpaka kwenye kona. Aliisikia baiskeli kabla ya kuiona, mnyororo ukipiga fremu na matairi yakirusha matope. Kaka yake alikuwa anakuja kwa kasi ambayo hajapata kuiona. Kiroboto alisimama katikati ya njia, akaiinua bendera kwa mikono miwili na kufumba macho.

Breki zililia. Alipofumbua macho baiskeli ilikuwa imelala majanini, na kaka yake alikuwa ameketi kwenye matope, kiwiko kimechubuka.

"Una wazimu?" alifoka. "Nilikuwa nawaacha wote. Wote, unasikia? Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Daraja, kaka."

Kutoka chini ulisikika mshindo. Seremala alikuwa amevuka korongo kwa chini, akaikanyaga ile ncha mbovu ya daraja kwa mguu mmoja, ameshika mti kwa mkono, na mawe yaliyolibeba yakaporomoka. Mbao zilining'inia upande mmoja. Kaka aliinuka, akazitazama. Kisha alikalia tairi la baiskeli yake.

Bi Greda alifika akihema. Alitazama daraja, akapanda mpaka mahali mfereji ulipokuwa, akasukuma majani makavu kwa ncha ya kiatu.

"Nani alimwaga ndoo hapa jana?"

"Mimi, bibi," Kiroboto alisema.

"Maji yalikwenda wapi?"

"Nje."

"Na asubuhi hii ulipoulizwa mbele ya watu?"

Machozi yalimtoka Kiroboto, akayaacha yatoke. Kaka yake akasimama, matope yanamdondoka, akaja kusimama karibu naye.

"Ni mimi niliyelalamika kuhusu mfereji huu, bibi," alisema. "Sikumtuma, lakini maneno ni yangu. Sikujua ulikuwa wa kazi gani."

"Wala hukuuliza," Bi Greda alijibu. "Haya. Mtalia baadaye. Leteni mabeleshi."

Vijana wote walishuka kwa miguu, wakabeba mawe badala ya kuendesha. Seremala alipiga kelele zaidi ya nyundo yake. Kiroboto alichimba mfereji wa tatu upya kwa mikono yake, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu Bi Greda alikataza. Saa nane mwamuzi alisema mbio zitaendelea, na kwamba namba saba ana haki ya kushuka upya. Kaka alishuka, kiwiko kimefungwa kitambaa. Kwenye mfereji wa tatu alishika breki. Alikuwa wa nne, nyuma ya wa tatu kwa nusu sekunde.

Jioni ile nyumbani mama alikifunga upya kiwiko cha kaka. Kaka hakumlaumu, na kutolaumiwa kulimuuma Kiroboto kuliko matusi.

Jumamosi iliyofuata Kiroboto alifika bandani akiwa na hakika kwamba ndoo haimhusu tena. Alichukua reki, akasimama nyuma ya watu. Ndipo akamwona kaka yake anapanda njiani kwa miguu, bila baiskeli, amevaa buti za baba yao. Bi Greda hakuonyesha mshangao. Alimpa beleshi, kama kaka mwenyewe alivyotabiri.

Kisha aliichukua ndoo msumarini na kumwita Kiroboto.

"Nilidhani utampa mwingine, bibi," Kiroboto alisema kwa sauti ndogo.

"Nilifikiria hivyo. Uliniongopea kwa kichwa mbele ya watu, na hilo sijalisahau. Lakini kulikuwa na njia mbili pale darajani, na ile ya kunyamaza ilikuwa rahisi zaidi. Kosa la kufukia mfereji hutengenezwa kwa beleshi. Ungenyamaza, leo tungetengeneza kwa kifaa gani?"

Kiroboto aliiegemeza reki yake kwenye banda.

"Watu husema maji yakimwagika hayazoleki," Bi Greda aliendelea, akimkabidhi ndoo. "Ni kweli. Sisi hatuyazoi. Sisi tunayaonyesha njia mapema, kabla hayajaua mtu. Na ukweli ni hivyo hivyo, mwanangu. Useme mapema."

Walipofika kwenye mfereji wa tatu, Kiroboto alisimama. Aliinua ndoo, akaitazama, akamnyooshea kaka yake.

"Mwaga wewe," alisema.

Kaka alimwaga. Maji yalishuka na njia hatua mbili, yakafika kwenye kituta, yakageuka na kuingia majanini. Kaka aliyatazama mpaka yakaisha.

"Jaza nyingine," alisema.