Koleopatra Amesimama Wapi?

Struan alicheka peke yake mezani mpaka chai ikamwagika kwenye uji wa shayiri. Simu yake alikuwa ameilaza kifudifudi.

"Nani anakuchekesha asubuhi yote hii?" Morven aliuliza.

"Watu wa yadi yetu ya kazini tu, mpenzi. Wanabuni majina ya malori."

"Nisomee na mimi nicheke."

"Ukisomewa hayachekeshi."

Akabusu paji la uso wa mchumba wake, akatoka. Harusi ilikuwa kesho, Jumamosi. Morven alibaki anaikodolea macho ile chai iliyomwagika. Wivu ulikuwa ukimla wiki ya tatu sasa. Mwanaume akimchekea mwanamke mwingine kuliko anavyokuchekea wewe, huyo keshaondoka, kilichobaki ni kuhamisha nguo.

Struan aliendesha lori la chumvi la halmashauri, mojawapo ya yale yanayoyeyusha barafu barabarani. Mji mzima wa Dalfearn ulikuwa na wazimu wa kuyapa malori hayo majina ya wakubwa wa dunia yaliyopindishwa. Lori la tano liliitwa Napoleoni Bonachumvi, na wazee walilipungia mkono likipita. Lori la nane, la Struan, lingepewa mchana huo jina lililoshinda shindano la mwaka.

Jina la kulifaa Morven alikuwa nalo. Majira ya baridi yaliyopita alikuwa akizoa theluji mlangoni, taulo limefungwa kichwani, akainua koleo juu na kusema, "Piga goti. Mimi ndiye Koleopatra, malkia wa mlango huu." Struan alikaa chini kwenye theluji kwa kicheko.

"Unajua kwa nini kinachekesha?" alimwambia siku hiyo. "Sikio linamsubiri malkia na dhahabu zake, linakutana na koleo. Ila usimweleze mtu. Kichekesho kikihitaji maelezo, kimekufa."

"Nikipeleke kwenye shindano?"

"Hapana. Hiki ni chetu wawili."

Morven hakuwa mcheshi. Kile kilikuwa kichekesho chake pekee maishani, na alikitunza kama pete.

Saa nne asubuhi alifungua ile ramani ya halmashauri kwenye simu, ambayo kila mtu wilayani huitazama kujua lori lipi liko barabara ipi. Lori la nane lilikuwa limesimama kwenye kichochoro cha nyuma ya kanisa. Dakika tano, kumi, ishirini. Kichochoro kile hakikuwa na kilima wala barafu. Kilikuwa na nyumba ya Kirsteen Buie, yule muuza mikate wa darajani.

Akapiga simu.

"Uko wapi, Struan?"

"Kilimani huku, mpenzi. Barafu tupu, hata kupumua sipati nafasi."

"Pole na kazi."

Morven alikata. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na alama ya lori juu yake. Hata hivyo alijibembeleza. Labda alishuka kununua mkate. Mtu mwenye gauni la harusi kabatini ana mengi ya kujidanganya.

Saa saba watu walijaa yadini. Mkuu wa yadi, Bwana Petrie, akavuta turubai. Ubavuni mwa lori kulikuwa kumeandikwa KOLEOPATRA.

Watu waliangua kicheko.

"Mshindi wetu ni Kirsteen Buie," alisema Bwana Petrie. "Njoo, binti, tuambie ulilipataje."

Kirsteen alisogea mbele, mashavu mekundu.

"Nilikuwa nazoa theluji mlangoni, nimefunga taulo kichwani. Nikainua koleo, nikasema, piga goti, mimi ndiye Koleopatra."

Kicheko kikarudi upya. Struan alikuwa anakagua tairi ambalo halikuwa na kasoro.

"Samahani," Morven alisema kutoka nyuma. "Taulo la rangi gani?"

"La kijani."

"Lenye tundu pembeni?"

Kirsteen alikunja uso. "Umejuaje?"

"Liko jikoni kwangu, dada. Limeanikwa tangu jana."

Kirsteen aligeuka polepole kumtazama Struan.

"Uliniambia kichekesho hiki umekitunga kwa ajili yangu," alisema. "Na taulo ukanifundisha niliseme hivyohivyo. Ukaniambia na huyu mlishaachana tangu kiangazi."

"Tunaoana kesho," Morven alisema. "Keki si wewe uliyeioka?"

"Niliioka. Agizo liliandikwa jina la mama yake Struan tu."

Struan akaja mbio, mikono mbele.

"Morven, mpenzi wangu, naomba nikueleze."

"Hapana. Kikihitaji maelezo, kimekufa. Ulisema mwenyewe."

Roho ilimuuma, asikuambie mtu. Angemkuta na busu angelia akasamehe. Lakini Struan alikuwa amempa mwingine kichekesho chao, na taulo juu. Akavua pete, akaiweka kwenye rundo la chumvi, akaenda zake. Aliyemfuata hadi getini kuomba radhi alikuwa Kirsteen.

Jumamosi theluji iliamkia mlangoni. Morven alikuwa na kikombe cha chai mkononi na macho yamevimba. Saa ile ya kwenda kanisani, simu ikalia. Ujumbe wa Struan.

"Nipo nje. Fungua tuongee."

Alifungua ramani kwanza. Koleopatra alikuwa amesimama mlangoni kwake, dakika ya ishirini na tatu. Akamjibu.

"Nakuona. Wilaya nzima inakuona. Peleka chumvi kilimani, watu wanateleza."