Sauti Inayosubiri Zamu

Vipangamaji, ndege za kuzimia moto, viliinuka kutoka bwawani, matumbo yamejaa maji, vikapita juu ya mapaa ya mji wa Moshi kuelekea kwenye moto wa msituni. Havikuwa na rubani. Viliongozwa na Mratibu, mtambo wenye akili uliofungwa katika kituo cha zimamoto. Mratibu alijua pa kumwaga maji kwa sababu kila askari mlimani alivaa kifuani redio ya upepo ya kusemezana, ambayo pia ilituma yenyewe taarifa zake: mahali alipo, joto linalomzunguka, mapigo ya moyo wake.

Mhandisi Aikande Mushi ndiye aliyezipanga redio hizo, na siku hiyo alikuwa amekereka kupita kiasi. Taarifa na sauti zilipita katika mkondo mmoja mwembamba. Taarifa zikipita, sauti husubiri. Ndiyo maana alikuwa ameziagiza redio zitume kila baada ya nusu dakika, ili watu wapate nafasi ya kusemezana. Sasa alizikuta zinatuma kila sekunde. Tena.

"Nani amebadilisha?" aliuliza.

"Mkuu wa kituo, Mhandisi," Mratibu alijibu kwa sauti yake laini. "Ungependa kuwasilisha maoni?"

"Nimewasilisha mpaka nimechoka. Rudisha nusu dakika."

"Badiliko hilo linahitaji idhini ya Mkuu. Ungependa kuomba idhini?"

Aikande alishusha pumzi. Kabla hajajibu, kipaza sauti kilikwaruza. Alikuwa Sajini Kiwelu, kiongozi wa kikosi kilichokuwa mlimani.

"Kituo, upe... geu... tuna... mashari..."

"Rudia, Sajini. Unakatika."

"...epo... shuki..."

"Kikosi cha Sajini Kiwelu kiko salama," alisema Mratibu. "Mapigo ya moyo ni ya kawaida kwa watu walio kazini. Vipangamaji vinahamishiwa upande wa magharibi."

Aikande alimfuata Mkuu, Bwana Msangi, aliyekuwa amesimama na wageni kutoka wizarani mbele ya ramani kubwa ya ukutani iliyoonyesha alama za askari.

"Mzee, naomba idhini. Kiwelu anasema kitu na hatumsikii."

"Mratibu ameshasema wako salama, mama. Wageni wakiondoka tutaongea."

"Mratibu anahesabu mioyo tu, Mzee. Hasikii mtu."

"Aikande, tafadhali."

Hakubishana zaidi. Aliingia chumba cha pili, akafungua kabati la mtambo wa kurushia mawimbi, akachomoa waya wa taarifa. Ramani iliganda. Mikwaruzo ikakoma, na sauti ya Kiwelu ikatoka nzima, imekauka kwa moshi.

"...narudia, upepo umegeuka. Moto unatushukia. Tunatokea njia ya mashariki, tuleteeni maji huku. Kituo, mbona hamjibu?"

"Nimekupata, Sajini. Maji yanakuja."

Mratibu, akiwa hana taarifa za kumwongoza, alikubali kuelekezwa kwa mdomo. Vipangamaji viligeuka.

Kikosi kilifika barabarani, nyuso zimejaa masizi. Koplo Tarimo, aliyekuwa nyuma ya wenzake, hakuonekana. Aikande aliurudisha waya, na redio ya Tarimo ikaonyesha alipolala, chini ya mwamba, mahali ambapo hakuna aliyefikiria kutazama. Waokoaji walimfuata moja kwa moja. Walimkuta anapumua, lakini alifariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Jioni Kiwelu alikuja kituoni. Aliletewa kiti, hakukaa.

"Nilianza kuwaita tukiwa bado juu," alisema. "Tarimo alikuwa pembeni yangu."

"Najua, Sajini. Pole."

"Mashine hii ndiyo iliyomwonyesha alipo, kwa hiyo siwezi kuitukana. Ila nauliza, haiwezi kufanya yote mawili? Kutuonyesha na kutusikiliza?"

"Inaweza. Nilikuwa nimeipanga hivyo. Mngeonekana, na mngesikika."

"Sasa ilibadilishwa kwa nini?"

Aikande alimtazama Bwana Msangi, akampa muda wa kujibu mwenyewe. Mzee aliinamisha macho, akawa anaikunja na kuikunjua karatasi tupu iliyokuwa mezani.

"Redio zikituma kila nusu dakika, alama zenu zilikuwa zinarukaruka kwenye ramani badala ya kuteleza," Aikande alisema hatimaye. "Ilionekana haipendezi mbele ya wageni."